Mlio wa Mzee Wendell

Mjini Kessel, kaskazini-magharibi mwa Iowa, shingo iliyonyooshwa bila kulia haijanyooshwa. Ndivyo watu walivyoamini, na aliyewafundisha kuamini hivyo ni Wendell Roorda, tabibu wa uti wa mgongo. Miaka nenda miaka rudi aliwalaza wakulima, wake zao na walimu wa shule ya Jumapili juu ya meza yake ya ngozi, akawashika kichwa, akawaambia wavute pumzi, kisha ka! Mlio ulisikika hadi chumba cha kusubiria. Waliokuwa wakingoja walitazamana na kutabasamu. "Huyo ameshapona," walisema, wakaanza kuona zamu yao inachelewa.

Sasa Wendell alikuwa amestaafu, mikono yake imeanza kumsaliti, na meza ilikuwa ya binti yake Janelle. Janelle alisomea Davenport, chuo kile kile cha baba yake, lakini alirudi na mambo yake. Alipima kabla ya kugusa. Aliuliza maswali mengi kuliko mchungaji. Na penye diski iliyoumia, kile kimto kilicho kati ya pingili, hakuizungusha shingo ya mtu hata kidogo; aliivuta polepole, akaiachia, akaivuta tena, kisha akampa mtu mazoezi ya kwenda kufanya nyumbani mbele ya kioo. Hapakuwa na mlio. Watu walitoka wakijipapasa shingo kama mtu aliyeingia kwa kinyozi akatoka na nywele zake zote.

"Ana mikono laini, yule binti," walisema kwenye kahawa baada ya ibada. "Ila si Wendell."

Maneno hayo yalimfikia Janelle, maana Kessel ni mji ambao ukikohoa kanisani utapewa pole dukani. Yalimuuma, na hakumwambia mtu.

Januari, theluji ikiwa imefika madirishani, ndipo alipoingia kocha Verlyn Kuiper. Kessel haina mto wala mlima wala kitu cha kumsimamisha mpita njia. Ina mahindi, nguruwe na mieleka, na mieleka ilikuwa mali ya Verlyn. Alikuwa na shingo nene kama nguzo ya ua na masikio yaliyopondeka tangu ujana wake. Lakini siku hiyo aliingia ameuweka mkono wa kulia juu ya kichwa, kama mtu anayeomboleza, kwa kuwa hivyo ndivyo maumivu yalivyopungua. Alikuwa akiwaonyesha vijana namna ya kumwangusha mtu, na kijana mmoja mzito akamwangukia vibaya. Tangu hapo moto ulimshuka kutoka shingoni hadi kidoleni. Kidole cha kati kilikuwa kimekufa ganzi. Kusukuma mlango kwa mkono huo hakuweza.

Alikuwa na picha za hospitali ya Sioux City. Diski moja ya chini ya shingo ilikuwa imetokeza na kuubana mshipa wa fahamu.

"Daktari anataka kunipasua hapa," alisema Verlyn, akigusa koo. "Hapa mbele! Shingo inauma nyuma, bwana yule anaingilia mlango wa mbele. Nikamwambia, ahsante sana, mimi kwetu kuna akina Roorda."

"Akasemaje?"

"Akasema niwasalimie."

Janelle alimpigia simu yule daktari siku hiyo hiyo. Alikuwa mtu muungwana, na hawakubishana. Miguu ya Verlyn ilikuwa imara, mkono haukuwa ukizidi kudhoofika, na diski za namna hiyo nyingi hutulia zenyewe zikipewa muda na utulivu. Basi wampe muda hadi mashindano ya mieleka ya jimbo yaishe. Nguvu ikizidi kupungua, au mtu akianza kuyumba akitembea, asicheleweshwe hata asubuhi moja. Janelle hakuwa na ugomvi na kisu. Kisu kina siku yake, na alijua siku yenyewe ikoje.

Shida ilikuwa mgonjwa. Verlyn alilala mezani, akavutwa shingo, akaachiwa, akavutwa, na wiki ya pili akaanza kuguna.

"Janelle, mama, nipigie moja tu."

"Moja ya nini?"

"Unajua. Ka!"

"Kocha, diski yako imetokeza. Nikiizungusha hiyo shingo inaweza kutokeza zaidi. Utaamka huo mkono unakuning'inia tu kama soksi."

"Sisi kule chumba cha mazoezi tunapigiana hizo kila siku. Vijana wanapanga foleni."

"Kuanzia leo nani atakugusa?"

"Hakuna."

"Sema hakuna mtu."

"Hakuna mtu! Loo, una maneno kama mama mkwe wangu." Kisha akasema lile alilokuwa akilichelewesha, tena kwa upole, na upole wenyewe ndio uliochoma. "Wendell angeshaipiga, mama. Mimi ningekuwa kwenye jamvi la mieleka saa hizi."

"Baba amestaafu," alisema Janelle.

Verlyn aliahidi, lakini aliahidi kama wacheza mieleka wanavyoahidi kutokula kitu kabla ya kupimwa uzito. Anayewafahamu watu hao anajua ahadi hiyo huishia wapi.

Jumapili iliyofuata, ibada ikiwa imeisha, Janelle alikuwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa na kikombe cha kahawa mkononi. Arlys, mke wa Verlyn, alimjia na sinia la vitumbua vya chokoleti akamkumbatia kwa mkono mmoja.

"Mungu akubariki kwa kumkubalia," alisema. "Sikujua kama mzee bado anapokea watu."

"Mzee gani?"

"Baba yako. Si ndiko aliko Verlyn? Wametoka pamoja kabla ya wimbo wa mwisho. Alisema umeruhusu."

Janelle hakukumbuka alipokiweka kikombe. Barabara ilikuwa na barafu na alikwenda mbio ambazo angemgombeza mtu mwingine. Kichwani hakuwa na sala wala hasira; alikuwa na ile picha ya Sioux City, lile doa jeusi linalosukuma pale pembamba, na mikono ya baba yake ambayo siku hizi humwaga supu.

Aliingia kwa mlango wa nyuma. Jiko lilijaa harufu ya nyama na viazi vilivyokuwa ndani ya oveni. Verlyn alikuwa ameketi kwenye kiti cha mezani, taulo mabegani, macho amefumba. Nyuma yake alisimama Wendell, bado na tai yake ya kanisani, mikono yote miwili imeishika ile shingo.

Janelle akafungua kinywa, kisha akakifunga. Akipiga kelele mmoja wao atashtuka, na kushtuka kokote, kwa yule aliyekaa au kwa yule aliyesimama, kutafanya kile kile anachokiogopa. Basi alisimama kwenye kizingiti theluji ikimyeyukia viatuni, roho juu, akitazama vidole vya baba yake vikitembea kwenye pingili moja baada ya nyingine. Vilikuwa vinatetemeka. Vilifika pale pabaya, vikasimama. Wendell aliinua uso akamwona binti yake. Hakuitoa mikono.

"Vuta pumzi, Verlyn," alisema. "Achia."

Ka!

"Hiyo!" Verlyn aliruka kutoka kitini. "Hiyo ndiyo hasa! Umeisikia?" Ndipo alipogeuka akamwona Janelle mlangoni, akavua taulo haraka kama mtu aliyekutwa uchi. "Ah. Janelle. Tulikuwa tu..."

"Kaa chini, Verlyn," alisema Wendell. "Sikiliza. Mimi nimekufungulia njia tu. Kazi yenyewe ni ya huyu. Ukikosa kwenda kwake hata siku moja, au mtu yeyote akiigusa tena hii shingo, mimi sitaki hata salamu yako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mzee."

"Haya, nenda. Mkeo anakungoja na magari yanaondoka."

Verlyn alichukua kofia yake, akapita karibu na Janelle bila kumwangalia usoni, mpole kama kondoo. Gari lake lilipoisha kusikika Janelle alilipuka.

"Una wazimu, baba? Ungemlemaza! Mimi na daktari tumekaa tukapima, wewe unatoka kanisani tu unamvunja mtu shingo jikoni!"

"Sikuizungusha."

"Nimesikia!"

Wendell aliketi kwenye kile kiti. Alinyoosha mkono wa kushoto, akakikunja kidole gumba kwa kukikandamiza na kile cha shahada, polepole, kama mtu anayefungua kifuniko.

Ka!

Ulikuwa mlio ule ule. Ndio aliokuwa akiusikia kupitia ukuta akiwa anafanya hesabu za shule, ndio watu walioutolea ushuhuda hadi mji wa tatu. Janelle alikitazama kile kidole.

"Siku zote?" aliuliza.

"Si siku zote. Shingo nyingi zililia zenyewe, nikazisaidia. Lakini zipo zile ambazo ukizishika tu vidole vinakwambia hapana. Ufanyeje? Watu wamejaa kule nje, masikio yamesimama. Ukimtoa mtu kimya kimya watasema amefia mezani." Akacheka kidogo, akitegemea naye atacheka. "Wanatulia, Jan. Mtu akisikia ka misuli inalegea yenyewe. Halafu unampa mazoezi, anayafanya, anapona. Kuna ubaya gani?"

Janelle hakucheka. Alikuwa na hasira ambayo hakuijua kabla ya hapo, ya mtoto na ya mtu mzima kwa pamoja.

"Mwaka wangu wa kwanza hapa," alisema, "nililia juu ya sinki lile pale. Nikakwambia, baba, siupati mlio wako, watu wananidharau. Unakumbuka ulivyonijibu?"

"Hapana."

"Ulisema, endelea kujaribu."

Wendell aliacha kutabasamu.

"Nikaendelea kujaribu, baba. Juu ya shingo za watu. Ningeweza kumuua mtu nikitafuta kidole chako."

Nyama ilianza kuungua na hakuna aliyeinuka. Hatimaye Janelle aliizima oveni akaenda kwake bila kula.

Jumatatu Verlyn alikuwa mlangoni kabla hajafungua. Alikuja na Jumatano. Alikuja hata siku ya tufani, shule zote zimefungwa. Alilala akavutwa, alifanya mazoezi mbele ya kioo huku Arlys akimcheka, na jamvini alikaa kitini akafundisha kwa mdomo, jambo ambalo vijana wake walidhani ni ugonjwa wa akili. Moto wa mkononi ukapanda juu, ukaachana na kidole, ukaachana na kiwiko. Siku moja alisukuma mlango wa Janelle kwa mkono wa kulia, akarudi nje, akausukuma tena.

Na kila alipokaa kunywa kahawa alihadithia. "Mzee Wendell aliipiga ka, moja tu, nikaona nyota," alisema. Watu walitikisa vichwa. Wendell bwana! Janelle aliyasikia yote, akanyamaza, na ule ukimya ukawa kama mfupa kooni. Mgonjwa wake alikuwa anapona kwa uongo. Akimwambia kweli, huenda akatafuta mtu wa kumzungusha kwelikweli. Wenye mikono mizito hawakosekani. Asipomwambia, basi naye ameurithi ule mchezo wa kuigiza wa baba yake pamoja na meza. Alikaa na jambo hilo hadi karibu na mashindano ya jimbo, akachoka nalo.

Alimwambia akiwa mezani, kichwa cha Verlyn ndani ya viganja vyake.

"Kocha, kuna kitu lazima nikwambie, na ukikasirika ni haki yako. Ile siku jikoni baba hakukunyoosha. Ule mlio ulikuwa wa kidole chake gumba."

Theluji iliyeyuka ikidondoka kutoka paani.

"Najua," alisema Verlyn.

Janelle aliiacha mikono pale pale. "Unajua?"

"Mama, mimi nimeshikwa shingo tangu sijaota ndevu. Mtu akikushika unajua anataka kukupeleka wapi. Kushoto, kulia, chini, unajua kabla yeye mwenyewe hajajua. Baba yako hakuwa ananipeleka popote. Alinishika tu, kama mtu aliyebeba mayai ya jirani."

"Sasa mbona uliruka? Ukasema hiyo ndiyo!"

"Ningefanyaje? Mzee wa watu amevaa tai yake, amefanya kazi yake. Nimwambie hukufanya kitu?" Akavuta pumzi. "Tena mikono ilikuwa inatetemeka. Kuna kutetemeka kwa uzee, hilo nalijua, mama yangu alikuwa nalo. Lakini alipofika pale pabaya ilizidi. Aliogopa, Janelle. Wendell Roorda, ambaye sijapata kumwona akiogopa mgongo wa mtu, aliiogopa shingo yangu. Nikasema moyoni, kumbe yule binti alikuwa ananiambia kweli. Nilikwenda pale kutafuta mtu asiye na hofu, nikarudi na hofu yangu mwenyewe, ndiyo iliyonileta hapa Jumatatu."

Janelle akaendelea na kazi: akavuta, akaachia.

"Halafu na mimi ninayo hadithi nzuri ya kusimulia," aliongeza Verlyn. "Usiniharibie."

Baada ya mashindano walimpima Sioux City. Yule daktari muungwana alimwambia asukume, avute, ashike, akaridhika. Kisu akakirudisha kabatini, angalau kwa sasa. Kidole cha kati kilibaki kama kimevaa glavu, na jamvini Verlyn hatashikana na mtu tena. Hilo aliambiwa waziwazi, akalipokea kwa kuangalia dirishani muda mrefu.

Janelle alipeleka habari kwa baba yake jioni hiyo. Hawakuwa wamezungumza vizuri tangu ile Jumapili, zaidi ya salamu na habari za barabara. Wendell alikuwa mezani na mkate na kahawa.

"Verlyn hapasuliwi," alisema Janelle. "Nguvu imerudi."

Uso wa mzee uliwaka. "Unaona! Nilikwambia. Mtu akiusikia ule mlio..."

"Alijua, baba."

"Alijua nini?"

"Kidole. Alijua tangu pale pale."

"Haiwezekani. Nilikificha."

"Hakukiona. Alihisi mikono yako. Ilikuwa inatetemeka, na ilipofika pale pabaya ikazidi, akajua unaogopa. Ndiyo maana akaniamini mimi." Alikuwa ameitengeneza sentensi hiyo njiani kote, akiibeba kama zawadi: si mlio uliomponya, ni hofu yako, ni kweli yako. Alidhani baba atafurahi.

Wendell aliweka kisu cha siagi chini.

"Ilitetemeka kiasi cha mtu kuhisi?"

Janelle ndipo alipoona alichokifanya, na hapakuwa na njia ya kurudi. "Ndiyo, baba."

"Mimi nilidhani ni mimi tu ninayeona."

Aliitazama mikono yake, mmoja kisha mwingine, akaishusha chini ya meza. Kisha akasema, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kazini kumwita mgonjwa anayefuata:

"Mtu akija tena hapa Jumapili, nitamwambia meza iko kwako. Hiki ni kiti cha kulia chakula."

Janelle alikuwa amelisubiri neno hilo tangu siku aliyotoka Davenport. Alikuwa ameliota, amelilia, amelikasirikia. Sasa limekuja, na angetoa chochote alirudishe kinywani mwa baba yake. Akavuta kiti karibu yake, akauchukua ule mkate, akaupaka siagi, akamkatia vipande vidogo, na mzee akamwachia afanye.